Kengele ya Kamyo ya Moto

Fizi, Jumanne, tarehe 20 Agosti 1957.
Asubuhi hii hakuna upepo. Baridi kidogo. Jua limetoka jekundu, na moshi ungali umelala bondeni.

Baba wangu na Mama wangu, huko Albertville,

Kabla sijasema langu, nataka kujua kama kifua cha Mama kimetulia tangu mvua zilipokwisha, na kama mguu wa Baba bado unapanda ngazi za stesheni bila kulalamika. Zawadi amekwisha kujifungua? Katika barua yenu ya mwisho mlisema anatembea kwa shida na anadai ndizi mbivu saa zote. Kama mtoto amekuja, mwambieni mama yake mkubwa amemshonea kofia mbili, moja kubwa na moja ndogo, maana sikujua kichwa chake kitafanana na cha upande gani.

Baba, najua wewe ndiye utakayesoma na Mama atasikiliza. Najua pia desturi yako. Ukikuta neno baya unakohoa, unaruka mistari, unakwenda moja kwa moja kwenye salamu. Mama hugundua kila mara, kwa sababu barua ya kurasa nne inakwisha kabla chai haijapoa. Safari hii nakuomba usiruke mahali popote.

Asukulu yuko hai. Nimeliandika hilo kwanza ili mlishike. Lakini ameungua. Mikono yote miwili na uso. Macho yake hayafunguki, na yeye mwenyewe aliniomba niwaandikie habari za mikono tu. Nimekataa. Yeye ni mtoto wenu wa mwisho, si haki mjue nusu yake.

Nitaeleza kwa utaratibu, kama ninavyoandika kila siku katika daftari langu, kwa maana nikianzia katikati nitalia na karatasi ni hizi chache.

Mnakumbuka niliwaambia kwamba kolegi ya walimu ilikuwa inajenga uwanja wa mpira. Ulikamilika mwezi wa nne. Ni uwanja mzuri, sijaona mwingine wa namna hii upande wetu wa ziwa. Walichonga ngazi za kukalia katika ubavu wa kilima, wakazipanga matofali ya kuchoma, na upande wa jua wakajenga jukwaa la wakubwa lenye paa la nyasi. Ukikaa kwenye ngazi unaona bonde lote, na ng'ambo ya bonde unaona kijiji cha Lusimbi, nyumba zake, ghala zake za muhogo, na juu yake mlima wenye nyasi ndefu. Watu wa Lusimbi nao wanauona uwanja wetu. Lakini kwa mbali namna ile wanaona vijana wakikimbia tu, mpira hawauoni.

Pembeni mwa uwanja ndipo inapolala kamyo ya moto, ile ambayo Asukulu aliwapelekea picha yake, amesimama na mguu mmoja juu ya tairi kama mwindaji juu ya nyati. Ilikuwa gari la askari zamani. Ikafungwa tangi la maji mgongoni, pampu, mipira ya kupitisha maji, na kengele ya shaba nje ya mlango wa shoferi. Serikali iliileta kwa sababu ya miti ya mikaratusi iliyopandwa juu ya Lusimbi, isije ikaungua kila Agosti. Ikawekwa kwetu kwa sababu kijito kiko karibu na kivuli kipo. Asukulu ndiye shoferi wake, na aliipenda. Kila Jumamosi aliifuta vumbi hata ndani ya matundu ya taa.

Zamani moto ukishuka kutoka mlimani, ngoma ya gogo ya Lusimbi ililia, na kila mtu alitoka, wanaume na majembe, wanawake na matawi mabichi na mitungi. Walipanga mstari wakaupiga moto mpaka ukafa. Mwaka jana Bwana wa kilimo alikataza. Alisema watu wakitoka wote kwa ngoma wanakanyaga miti yake midogo kuliko moto unavyoiunguza. Tangu sasa, alisema, ngoma inyamaze. Watu wasikilize kengele ya kamyo, ikilia mfululizo, ndipo watoke.

Sasa sikilizeni jinsi kengele ile ilivyopata kazi ya pili.

Yuko mama mmoja wa Lusimbi, Mama Mbondo, anayetuletea unga wa muhogo hapa shuleni kwa wasichana wangu. Siku moja baada ya mchezo alimkuta Asukulu kwenye kamyo, akaweka kikapu chini, akaanza.

"We shoferi, sisi kule ng'ambo tunaona bantu banaruka-ruka tu. Nani anafunga, hatujui. Mume wangu anasimama kwa mulango siku nzima, muhogo inaungua kwa chungu."

Asukulu akamwambia, "Basi mama, mi nitakupigia kengele. Goli moja ya kwetu, kengele moja."

"Na goli ya wageni?"

"Ya wageni mi sina kengele yake."

Mama Mbondo alicheka mpaka akakaa juu ya kikapu chake. Jumapili iliyofuata kengele ililia mara moja, na kutoka ng'ambo tulisikia vigelegele vikija juu ya bonde, vidogo lakini wazi. Wanafunzi walifurahi kupita kiasi. Hata Padri Mkurugenzi alicheka. Ikawa desturi. Mwanzoni kila mtu alijua tofauti, goli ni mara moja, moto ni mfululizo. Lakini mnamjua Asukulu. Siku tulipowashinda watu wa Uvira dakika ya mwisho, alivuta kamba ile mpaka mkono ukachoka, na Lusimbi wakacheza mpaka jua likazama. Hakuna aliyesema neno. Mimi nilikuwa kwenye ngazi pamoja na wasichana wangu, na mimi sikusema neno.

Jumapili hii iliyopita tulicheza na timu ya Baraka, kule ufukoni mwa ziwa. Walipanda kwa miguu, wakalala njiani, wakafika na vumbi mpaka kwenye kope. Wenyeji wetu wakaanza kuwachokoza kabla hawajavua mizigo.

"Mwende muoge kwanza, munanukia ndagala!"

"Na nyinyi munanukia njaa!" akajibu kapteni wao, mvuvi mmoja mrefu anayeitwa Byaombe. "Tumebaletea harufu muonje."

Ilikuwa siku nzuri, Mama. Nataka ujue kwamba ilianza vizuri. Tulifunga goli moja, kengele ikalia, Lusimbi wakajibu. Tulifunga la pili, hivyo hivyo. Golikipa wetu, Wilondja, ambaye ni seremala wa kolegi na rafiki ya Asukulu, alishika mpira mmoja kwa tumbo, akaanguka nao, watu wakamwimbia.

Asukulu alikuwa amekaa juu ya paa la kamyo. Kutoka pale ndiye aliyeona kwanza. Kengele ikaanza kulia. Sisi sote tukageuka kutazama goli la Baraka, tukaona mpira uko katikati ya uwanja, miguuni mwa mtu wao. Refa akamfokea kwa hasira, "We shoferi, bado!" Asukulu alikuwa anavuta kamba kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anaonyesha mlima.

Moto ulikuwa umevuka kilele juu ya Lusimbi na unashuka. Nani aliuwasha, sijui, mwezi huu kila mtu anachoma nyasi mahali fulani. Sisi tuliuona wote kutoka kwenye ngazi zile nzuri, wazi kabisa. Wao waliokuwa chini yake walikuwa wameupa mgongo, wanatutazama sisi.

Kengele ililia, na Lusimbi wakapiga vigelegele. Akaendelea kupiga, wakaendelea. Kadiri alivyovuta kamba ndivyo walivyozidi kucheza. Nilimwona mtu anatupa kitambaa juu. Wasichana wangu walianza kupiga kelele, "Moto! Moto! Geukeni!" Wanafunzi wote, na watu wa Baraka, na Padri aliyekuwa refa, tulisimama juu ya matofali tukipunga mikono kuelekea mlimani. Nasi kwa mbali tulionekana watu wenye furaha tu. Mama, sijui nilisimama pale kwa muda gani nikipunga kitambaa changu cha kichwa. Nafikiri nilikuwa nawapungia waendelee kucheza.

Asukulu aliacha kamba akawasha gari. Wilondja na wachezaji wengine wakadandia. Waliobaki walishuka bondeni kwa mbio, watu wetu na watu wa Baraka pamoja, wakivunja matawi njiani. Yaliyotokea ng'ambo nimeambiwa na Wilondja, na ninayaandika kama alivyosema.

Walipoingia Lusimbi, watu walikuwa wamejaa barabarani wanaimba. Walifikiri ushindi umekuja wenyewe kwa kamyo. Mama Mbondo alikuwa mbele, ameshika kuku kwa miguu, anakimbia kando ya gari.

"Ngapi? Ngapi? Mi nimehesabu mpaka nimepotea!"

Asukulu akatoa kichwa nje. "Mama, geuka nyuma yako!"

Akageuka. Kuku akamponyoka.

Pampu ilifanya kazi vizuri, Wilondja anasema, lakini maji ya tangi ni ya kusaidia watu wenye matawi, si ya kuzima mlima peke yake. Watu walikuwa bado wanakimbilia ndani kutoa wazee na mikeka. Maji yakaisha kwenye mashamba ya juu, na moto ukaizunguka kamyo upande wa nyuma. Mgongoni lilikuwako pipa la petroli ya pampu. Mbele yao zilikuwa nyumba, kando ilikuwa nyasi inayowaka, na ng'ambo ya ile nyasi ardhi nyeusi iliyokwisha kuungua. Asukulu akawaambia wote washuke. Wilondja akamwambia, "Acha gari, twende." Akajibu, "Nikiiacha hapa itapasukia kwa nyumba za watu." Akakata usukani akapita katikati ya moto mpaka kwenye ile ardhi nyeusi. Madirisha ya kamyo ile hayana vioo, Baba. Hayajawahi kuwa na vioo.

Hakuna aliyekufa. Nyumba za juu zimekwisha, na ghala nyingi, na mbuzi waliofungwa. Miti ya mikaratusi imeungua yote. Kamyo ilitoka nzima, rangi tu ndiyo imebabuka.

Jioni ile ile Bwana Mkubwa wa teritwari, mtawala wa wilaya yetu, alifika kwa gari lake. Aliagiza kamyo irudishwe, na watu wakaisukuma na kuivuta kwa kamba mpaka kwenye uwanja. Akaizungushia kamba nyingine kwenye vigingi, akasema asiiguse mtu mpaka wakubwa watoke Bukavu waje kuitazama na kuuliza kwa nini kengele ya serikali ilifanywa kengele ya mchezo. Akampa karani wake ufunguo, akaondoka kwenda Kazimia katika ziara yake ya kawaida. Wakati huo mimi nilikuwa dispansari nikimpepea ndugu yangu, na sikujua bado la kumwomba.

Jana Jumatatu asubuhi ndipo mganga wetu wa dispansari, Petro, alipofungua kitambaa cha usoni. Alitazama kwa muda, akakifunga tena polepole, akanivuta nje.

"Mikono nitaiweza," alisema. "Macho si yangu. Yanataka daktari wa Uvira, na yanataka upesi. Akifika wiki hii, labda jicho moja. Akichelewa, mwalimu, mimi sisemi kitu."

Meli ya Uvira hutoka Baraka Jumanne asubuhi, na baada ya hapo mpaka Jumanne nyingine. Gari la Padri Mkurugenzi liko Bukavu kwa matengenezo. Kamyo ya pamba hupanda hapa Jumanne jioni na kushuka Jumatano. Ikabaki moja tu, ile iliyofungiwa kamba uwanjani, nzima, na petroli ndani.

Nilikwenda kwa karani. Anaitwa Gaspari, ni mtu wa heshima, binti zake wawili nawafundisha. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za uwanja akiilinda kamyo kwa macho, ufunguo uko shingoni mwake kwa uzi.

"Mwalimu Feza, usiniombe," alisema kabla sijafungua kinywa.

"Bado sijaomba."

"Uso wako iko inaomba. Nisikilize. Bwana Mkubwa alisema isiguswe. Na hata bila yeye, kamyo hii sheria yake ni moja, inatoka kwa moto tu. Haibebi mgonjwa, haibebi mchele, haibebi hata Padri."

"Huyu mgonjwa ameunguzwa na huo moto."

"Moto ule umezimwa."

Akaangalia viatu vyake. "Mi nina watoto saba," alisema. "We unajua wawili."

Nilirudi nikamweleza Asukulu. Amelala chali, uso wote mweupe kwa vitambaa, mikono imeinuliwa juu ya mto kama mtu anayesubiri kupokea mtoto. Mdomo tu ndio uko wazi. Akasema, akiniita dada kwa neno la kwetu, "Basi yaya, washeni nyasi kidogo kando ya njia ya Baraka. Kamyo itatoka kwa sheria."

Nilicheka, na nilikasirika kwamba nimecheka. Lakini wanawake wa Lusimbi walikuwa wamekaa mlangoni, wamekuja na ugali na kuku, yule yule wa Mama Mbondo, wamemkamata tena. Wao hawakucheka. Mama Mbondo alipiga magoti karibu na kitanda.

"Mwanangu, mi nilikupigia vigelegele," alisema. "We unatuita, mi naruka. Niliwaambia bantu, leo Baraka banarudi na kilio. Sasa sema neno moja tu. Njia ya Baraka mi naijua, mahali pa kuwasha mi napajua, na matawi tutashika sisi benyewe. Utatoka leo."

Wengine waliitikia. Walikuwa wanasema kweli, Baba, mmoja alikwisha simama. Wote wakanitazama mimi kwa kuwa ndimi dada mkubwa, tena mwalimu. Nilitazama nje, nikaona ule mlima mweusi, nikaona pia nyasi kavu upande wa pili wa njia mpaka chini. Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kusema ndiyo zaidi.

Hapo Gaspari akaingia. Sijui alisikia kiasi gani. Alikuwa amevua kofia. Alitoa ule uzi shingoni, akaweka ufunguo mkononi mwangu, akasema, "Chukueni. Msichome kitu. Wakija wa Bukavu nitasema nililala." Wanawake wakapiga vigelegele, safari hii mle mle ndani, mpaka Petro akaja mbio na chupa mkononi. Mama Mbondo alimshika Gaspari kichwa kwa mikono miwili kama anamfahamu toka utoto. Mimi nilikuwa nimekwisha kukusanya shuka na maji ya njiani.

"Yaya," Asukulu akaita.

"Nipo."

"Nani ataendesha?"

Kelele zikakatika. Nilimtazama Gaspari, Gaspari akamtazama Petro, Petro akatazama chupa yake. Tangu alfajiri nilikuwa nahangaika kuomba gari, na shoferi pekee wa gari lile ndiye aliyelala kitandani. Kati ya mapadri ni Mkurugenzi tu anayeweza kuendesha, naye yuko Bukavu pamoja na gari lake. Ufunguo ulikuwa bado moto kwa jasho la Gaspari.

Wilondja alisema atajaribu. Asukulu alimfundisha pale kitandani, mguu wa kushoto hivi, wa kulia hivi, mkono usivute kwa nguvu, sikiliza mashine itakuambia. Wilondja alirudia kila neno kama katekisimo. Tulifungua kamba, akapanda. Mimi nilibaki na Asukulu dirishani, kwa sababu alitaka kusikia.

Kamyo iliunguruma. Asukulu akatikisa kichwa, ndiyo. Ikaruka mbele, ikazimika. Ikawaka tena, ikalia vibaya, kama chuma kinasagwa.

"Ametia gia ya tatu, huyo," alisema. "Mwambieni moja. Moja!"

Watu wakapokezana neno mpaka uwanjani. Ikaenda kidogo, ikarudi nyuma yenyewe, ikagonga nguzo ya jukwaa la wakubwa, na kipande cha paa la nyasi kikashuka juu ya kengele. Ikazimika. Nilimwambia kila nilichoona, yeye alikuwa amekwisha kukijua kwa masikio. Mnaijua njia ya kushuka Baraka, kona zake na upande wake ulio wazi. Wilondja alishuka, akaja mpaka chini ya dirisha.

"Kaka, nitakuua," alisema.

"Najua," Asukulu akamjibu. "Mnibebe."

Walimbeba. Vijana wa Baraka walikuwa bado hapa, walilala baada ya kuzima moto, wakasema njia yao ni hiyo hiyo. Wilondja alitengeneza kitanda cha kubebea kwa nguzo mbili za goli, maana ndizo zilizokuwa imara na nyepesi, na hakuna aliyeuliza ruhusa. Waliondoka jana mchana, wanne wanabeba na wengine wanasubiri zamu. Byaombe yule kapteni alichukua nafasi ya mbele kulia, akawaambia wetu, "Shikeni sawa, ba mulimani, musitumwage kama maharagwe." Asukulu aliwajibu kitu, sikukisikia, walicheka wakapinda kona.

Niliomba kwenda naye. Sista Mkuu aliniambia kwa upole, "Feza, nani atabaki na wasichana?" Ni kweli, wapo arobaini, na wadogo hawalali tangu Jumapili. Nimebaki. Leo asubuhi nimefundisha mshono na hesabu. Nimemsahihisha mtoto mmoja jibu lililokuwa sahihi.

Sasa ni saa nane mchana, na saa hii meli imekwisha kuondoka, pamoja naye au bila yeye. Kutoka hapa siwezi kujua. Ningependa kukuomba, Mama, upande meli uende Uvira, lakini sijui kama utamkuta. Ningependa kukuomba usiende, lakini hilo nalo siwezi. Katekista wetu atashuka kesho na kamyo ya pamba, naye ataendelea Kazimia kutafuta mtumbwi wa kwenu. Ndiye atakayechukua barua hii, kwa hiyo itawafikia baada ya mambo yote kuamuliwa huko, na mimi nitakuwa nimewaambia habari zilizopita. Nimeiandika hata hivyo.

Msalimieni Zawadi, mdogo wangu, na mumewe wa karakana ya reli. Msalimieni Bibi, mwambieni taratibu, au msimwambie, ninyi mnamjua. Msalimieni Mjomba wa bandarini, yeye hujua meli zote, labda atasikia kabla yenu. Na yule jirani yetu mwenye cherehani, aliyenifundisha kukata shingo ya gauni, mwambieni bado nautumia mkasi wake.

Mimi niliye mbali nanyi, na karibu naye tu nilipokuwa sina msaada,
binti yenu mkubwa,
Feza

Jumatano, 21 Agosti, asubuhi. Mawingu, upepo kutoka ziwani.

Naongeza haya kabla katekista hajaondoka. Wilondja alirudi jana jioni na kamyo ya pamba. Walifika Baraka meli ikiwa imekwisha kung'oa nanga. Waliiona, anasema, bado kubwa, wakapiga kelele na kupunga mashati yao, na abiria waliokuwa nyuma wakawapungia mkono. Byaombe hakukaa hata kunywa maji. Yeye na wenzake walimweka Asukulu katika mtumbwi wao wa uvuvi, juu ya nyavu, wakaanza kupiga kasia kuelekea Uvira kwa kufuata ufuko. Wakichoka watalala Makobola. Petro alisema wiki hii. Leo ni Jumatano.

Nimemuuliza Wilondja Asukulu alikuwa anasemaje alipowekwa mtumbwini. Amesema alikuwa anauliza kila mtu ziwa liko namna gani, na kila mtu alimwambia limetulia.

Nililala na nguo zangu. Usingizi ulinichukua saa tisa na robo ya usiku.